Kompyuta yako ikikwama, mkumbuke Grace Hopper

Unaijua hiyo hali. Umeandika kazi yako saa mbili nzima, hujahifadhi, halafu ghafla mshale unasimama katikati ya skrini. Unabonyeza kila kitufe, unaipiga kofi, wapi! Unaizima kwa nguvu na kuiwasha upya. Inakaa sawa kidogo, kisha inakwama tena, na hujui kwa nini.

Kompyuta ya kwetu nyumbani ilinitesa hivyo karibu mwezi mzima. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafuta kila kitu, na ikaendelea kukwama. Wa pili akataka tununue madabodi mpya. Pesa hiyo sikuwa nayo. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mmoja aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Keti nikupe stori yake.

Grace Hopper alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka 7 hivi alitaka kujua saa ya kengele hufanya kazi vipi. Akafungua ya kwanza, vipuri vikamwagika, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilikuwa imepangwaje. Nayo ikamshinda. Mama yake alipogundua, saa zote saba za nyumbani zilikuwa vipande vipande. Unajua uamuzi wa mama? Tangu siku hiyo Grace aliruhusiwa kuchezea saa moja tu. Shika hiyo, tutairudia.

Usidhani mambo yalimnyookea. Alipoomba kujiunga na chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alikataliwa kwa sababu Kilatini kilimlemea. Akarudi kujaribu mwaka uliofuata, wakamkubali. Alimaliza mwaka wa 1928 na shahada ya hisabati na fizikia, na mwaka wa 1934 akapata udaktari wa hisabati katika chuo kikuu cha Yale. Mimi niliacha chuo katikati, lakini sitakudanganya eti kusoma si kitu. Huyu alisoma hadi kileleni.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa mwalimu Vassar. Alitaka kuingia Jeshi la Wanamaji, lakini wakamwona amezeeka, na uzani wake ulikuwa chini ya kiwango kwa karibu kilo 7. Hakukata tamaa. Akaomba ruhusa maalum, na Desemba 1943 akaapishwa. Mwaka wa 1944 alitumwa chuo kikuu cha Harvard, kwenye mtambo ulioitwa Mark I.

Sasa usifikirie laptopu. Mark I ilikuwa na urefu wa mita 15 hivi na uzito wa karibu tani 5, na iliweza kujumlisha mara 3 tu kwa sekunde. Simu yako ya bei rahisi ingeicheka. Lakini wakati huo ilikuwa maajabu, na Grace alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuiandikia programu. Ilipokataa kufanya kazi, hakukuwa na fundi wa kuitiwa. Fundi walikuwa wao wenyewe.

Tarehe 9 Septemba 1947 walikuwa wakiijaribu ndugu yake, Mark II. Walikuwa na daftari la kazi na kila jaribio liliandikwa kwa saa yake. Saa tano asubuhi, jaribio hili. Saa tisa na dakika 25 alasiri, jaribio lile. Dakika 20 baadaye wakampata mkosaji kwenye paneli F, rilei namba 70. Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, na katikati ya swichi hiyo alikuwa amebanwa nondo, yule mdudu kama kipepeo anayezunguka balbu usiku. Wakamtoa, wakambandika kwa selotepu kwenye ukurasa wa daftari, wakaandika kwa utani kwamba hatimaye mdudu wa kweli amepatikana.

Utani huo ulikuwa na maana kwa sababu wahandisi wa Marekani walikuwa tayari wakiita hitilafu yoyote mdudu. Thomas Edison alilitumia neno hilo tangu miaka ya 1870. Kwa hivyo ukisikia eti Grace ndiye aliyelibuni, kataa. Hata nondo hakumtoa yeye kwa mkono wake, ni wenzake. Yeye alikisimulia kisa hicho miaka mingi hadi dunia nzima ikakijua. Daftari lenyewe, na nondo wake, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Grace aliona pia kwamba wadudu wengi hawana mabawa. Waandishi wa programu walinakili maagizo kwa mkono, na kila waliponakili walikosea. Ndiyo maana mwaka wa 1952 alitengeneza programu ya kuifanya mashine ikusanye maagizo hayo yenyewe. Wengi hawakumwamini, kwani kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu tu. Kazi yake ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa COBOL mwaka wa 1959, lugha ambayo benki nyingi duniani bado zinaitegemea.

Jeshi lilimstaafisha mwaka wa 1966, likamwita tena mwaka uliofuata kwa miezi 6. Miezi hiyo ikageuka miaka. Alistaafu kabisa mwaka wa 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwenye makaburi ya Arlington.

Sasa turudi kwangu. Nilichukua daftari. Kila ilipokwama niliandika ni saa ngapi, nimefungua nini, na imewaka kwa muda gani. Baada ya siku nne ukurasa ukaanza kusema. Asubuhi haikwami. Inakwama mchana, jua likiwa kali, na hasa nikicheza gemu. Joto! Nikaichomoa kwenye stima, nikafungua kava, na feni ya prosesa ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi. Brashi ndogo ya rangi ikamaliza kazi. Madabodi ni ile ile mpaka leo.

Yako huenda si vumbi. Basi kagua memori: kama ziko mbili, toa moja, itumie siku mbili, kisha ubadilishane. Ikiendelea, angalia diski, halafu pawa. Nakili faili zako kwanza, kwa sababu diski inayokufa haingoji. Na usibadilishe vitu vitatu kwa siku moja, maana ikipona hutajua dawa ilikuwa gani, na ikizidi hutajua sumu ilikuwa gani.

Saa moja tu kwa wakati, kama mama yake Grace alivyoamua. Kabla ya kumpa fundi elfu kadhaa, nunua daftari kwanza.