MAULANA AZAD: MFUNGWA ALIYEFUNGUA SHULE

Ndugu wazazi, vijana, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuhudumia, sisi walimu tumechagua kuwaeleza katika toleo hili la ukumbusho maisha ya Maulana Abul Kalam Azad, aliyepigania uhuru wa India pamoja na Gandhi na Nehru.

Alizaliwa Makka mwaka 1888, akakulia Calcutta. Mwaka 1912 alianzisha gazeti la Al-Hilal, akiwahimiza Waislamu waungane na Wahindu kuupinga utawala wa Waingereza. Gazeti likapigwa marufuku. Mwaka 1916 yeye mwenyewe alifukuzwa Bengal, akawekwa kizuizini katika mji wa Ranchi hadi mwisho wa 1919. Ranchi hakikuwa kwao, wala hakujua atatoka lini. Hata hivyo mwaka 1917, akishirikiana na wenyeji, alianzisha madrasa ili watoto wasome.

Aliongoza chama cha Congress mwaka 1923, na tena kuanzia 1940 hadi 1946. Agosti 1942 Waingereza walimfunga katika ngome ya Ahmednagar. Mkewe, Zulaikha, alifariki mwaka 1943 mume akiwa ndani, wasionane tena.

Azad alipinga India kugawanywa kwa misingi ya dini, lakini mwaka 1947 iligawanywa. Damu ilimwagika, na watu zaidi ya milioni 10 wakahama makwao. Huko Delhi aliwasihi Waislamu wasiikimbie nchi yao. Wako waliobaki, wako waliokwenda Pakistan. Sisi tuliokwisha kubeba mizigo usiku hatuwezi kumlaumu aliyebaki wala aliyeondoka.

Baada ya uhuru akawa Waziri wa Elimu wa kwanza, mpaka alipofariki tarehe 22 Februari 1958. Agosti 1951 alizindua chuo cha teknolojia cha Kharagpur, kilichoanzia katika majengo ya Hijli, ambamo Waingereza waliwafungia wapigania uhuru. Jela ikageuka darasa.

Wazazi wenzetu, wapo wanaosema watoto watasoma tukirudi nyumbani. Azad hakungoja arudi kwao. Mtoto anayekaa bila kusoma miaka yote ya kambini atarudi na nini? Mleteni shuleni, hata kama anakaa chini ya turubai. Elimu haina mwisho, lakini utoto unao.