Edith Stein: Mwanafunzi wa Falsafa Aliyeufikia Ukweli

Wapo wazazi Wakatoliki wanaoingiwa na hofu mtoto wao anapochagua kusomea falsafa chuo kikuu. Huhofia kwamba maswali mengi yatamng'oa katika imani. Maisha ya Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 9 Agosti, yanatufundisha kuitazama hofu hiyo kwa jicho jingine.

Edith Stein alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 mjini Breslau, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya Kiyahudi, na alizaliwa Siku ya Upatanisho. Baba yake alifariki Edith akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, aliwalea watoto huku akiendesha biashara ya mbao. Hata hivyo, katika ujana wake Edith aliacha kusali kwa hiari yake mwenyewe, miaka kadhaa kabla ya kukanyaga chuo kikuu.

Mwaka 1911 alijiunga na Chuo Kikuu cha Breslau, akasoma saikolojia, historia na Kijerumani. Upesi aliona kwamba saikolojia ya siku zile haikuwa na misingi thabiti ya kumweleza mwanadamu ni nani. Baada ya kusoma maandiko ya mwanafalsafa Edmund Husserl, mwaka 1913 alihamia Göttingen ili afundishwe naye. Huko alizoezwa kuyatazama mambo jinsi yalivyo, bila kutanguliza chuki wala mazoea. Zoezi hilo lilimzuia kuidharau dini kabla ya kuichunguza, hasa alipokutana na wasomi wenye akili kali waliomwamini Kristo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, aliacha masomo kwa muda, na mwaka 1915 aliwahudumia wagonjwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu. Mwaka 1916 alipata shahada ya uzamivu huko Freiburg kwa alama za juu kabisa. Utafiti wake ulihusu uwezo wa mtu kutambua na kuhisi anayoyapitia mwenzake. Pamoja na sifa hizo, alinyimwa njia ya kuwa profesa kwa sababu alikuwa mwanamke.

Mwaka 1917 mwalimu wake Adolf Reinach aliuawa vitani. Edith alikwenda kumsaidia mjane kupanga maandiko ya marehemu, akitarajia kumkuta amevunjika moyo. Badala yake alimkuta mwanamke mwenye majonzi, lakini aliyesimama imara kwa nguvu ya Msalaba. Falsafa ilikuwa imemfundisha kutazama kwa uaminifu. Sasa hakuweza kuukana ukweli aliouona. Mwaka 1921 alisoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila, na tarehe 1 Januari 1922 akabatizwa.

Hakuitupa falsafa baada ya Ubatizo. Alifundisha shuleni kwa Masista Wadominika mjini Speyer na kutafsiri maandishi ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, akitambua kwamba usomi nao waweza kuwa ibada. Mwaka 1933 sheria za Wanazi zilimfungia mlango wa kufundisha, naye akaingia utawani kwa Wakarmeli wa Cologne. Mwaka 1938 alihamishiwa Echt, Uholanzi. Maaskofu wa nchi hiyo walipokemea hadharani mateso ya Wayahudi, Wanazi walilipiza kisasi kwa kuwakamata Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi. Edith na dada yake Rosa walikamatwa tarehe 2 Agosti 1942, wakauawa Auschwitz siku saba baadaye. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 1998.

Basi, tusiwazibe midomo vijana wetu wanaouliza. Tuwasindikize kwa sala na kwa mfano wa maisha, kwa maana Edith aliongozwa na vitabu na pia na mjane aliyeishi imani yake. Anayeutafuta ukweli kwa moyo mnyofu anamtafuta Mungu, hata kama bado hajamjua.

Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.