Maisha ya Krishnamacharya, Mwalimu wa Yoga

Katika toleo hili la gazeti la shule yetu nataka kuwasimulieni maisha ya mzee mmoja wa Bara Hindi, jina lake Tirumalai Krishnamacharya. Mzee huyu aliishi miaka mia moja, wala hakupata kuvuka bahari, na hata hivyo mafundisho yake yameenea duniani kote. Huenda msomaji akauliza, sisi watu wa Ikoma tuna haja gani na mwalimu wa yoga? Namwomba awe na subira, maana jambo alilojifunza mzee huyu linatuhusu sote: sisi wanafunzi tunaokimbia mchakamchaka alfajiri, walimu wanaotusimamia, na wazazi wetu waliochoka migongo kwa jembe.

Kwanza niseme yoga ni nini. Yoga ni elimu ya Wahindi iliyodumu zaidi ya miaka elfu mbili, yenye kuunganisha mwili, pumzi na fikira. Mtu huuweka mwili wake katika mikao mbalimbali, huvuta pumzi na kuitoa kwa utaratibu, na huituliza akili yake.

Krishnamacharya alizaliwa tarehe 18 Novemba, 1888, katika kijiji cha Muchukunte, kusini mwa Bara Hindi, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Mysore. Baba yake alikuwa mwalimu wa vitabu vya dini ya Kihindu, naye ndiye aliyeanza kumfundisha mwanawe lugha ya Kisanskriti na mikao ya kwanza ya yoga. Mtoto alipopata umri wa miaka kumi hivi, baba akafariki dunia. Basi jamaa wakahamia mji wa Mysore, na kijana akafuliza kusoma. Alisoma Mysore, akasoma na Benares, mji mashuhuri wa elimu upande wa kaskazini. Kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, akaenda mpaka kwenye milima ya Tibeti, akakaa kwa mwalimu aitwaye Ramamohana Brahmachari muda wa miaka saba. Mwalimu yule hakudai ada ya fedha. Ada aliyotaka ni kwamba mwanafunzi wake arudi kwao, aoe, na kuwafundisha watu yoga.

Krishnamacharya akatii. Mwaka 1925 alimwoa Namagiriamma. Lakini siku zile yoga haikuwa na heshima kubwa, na anayeifundisha hakupata chakula cha kutosha. Msomi huyu, ambaye angeweza kuwa mwalimu wa chuo kikubwa, ikambidi afanye kazi ya usimamizi katika shamba la kahawa. Siku za mapumziko alizunguka akionyesha watu maajabu ili waipende yoga: alizuia motokaa kwa mikono, aliinua vitu vizito kwa meno, na alidhoofisha mapigo ya mshipa wake. Watu walishangaa na kupiga makofi, kisha wakarudi makwao. Kushangaa si kujifunza.

Baadaye habari zake zikafika kwa Maharaja wa Mysore, Krishna Raja Wadiyar wa Nne, mfalme aliyependa elimu na ambaye yeye mwenyewe alisumbuliwa na ugonjwa wa kisukari. Mfalme akamwita, akamfanya mwalimu wake, na mwaka 1933 akampa ukumbi katika jumba la Jaganmohan awe na shule ya yoga. Mwaka 1934 Krishnamacharya alitoa kitabu chake kiitwacho Yoga Makaranda. Wanafunzi wengi wa shule ile walikuwa vijana wenye nguvu. Waliruka, walipinda migongo, walisimama kwa vichwa, zoezi likifuata zoezi bila ya kupumzika. Mwalimu alikuwa mkali sana. Inasemekana watu walivuka barabara walipomwona akija.

Miongoni mwa vijana wale alikuwamo shemeji yake, B. K. S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918. Kijana huyu alikuwa dhaifu, kwa kuwa utotoni alipatwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Iyengar alisimulia baadaye kwamba siku moja mwalimu alimwamuru aonyeshe mkao asioujua, wa kutandaza miguu chini, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kijana aliogopa kukataa. Alijilazimisha, na misuli ya mapaja yake ikachanika, akataabika kutembea kwa muda mrefu. Sisemi hili ili kumvunjia heshima marehemu. Nalisema kwa sababu maisha ya mtu mkubwa hayana faida kwetu ikiwa tutaficha makosa yake. Zoezi lililowafaa wengine lilimwumiza huyu, kwa kuwa halikupimwa kwa mwili wake.

Mwaka 1937 akaja mwanamke mmoja mzaliwa wa Riga, aliyejulikana kwa jina la Indra Devi. Krishnamacharya alikataa kumfundisha, kwa kuwa ni mgeni na ni mwanamke. Mfalme akamwombea, na mwalimu akakubali kwa shingo upande, akampa masharti magumu ya chakula na ya kazi. Mwanamke yule akayashika yote. Mwalimu alipoona bidii yake alibadili moyo, akamfundisha kwa upole, na mwisho akamwagiza naye awe mwalimu. Baadaye Indra Devi alifungua shule ya yoga katika mji wa Hollywood, Marekani.

Lakini dunia haidumu katika hali moja. Maharaja alifariki mwaka 1940. Bara Hindi ilipopata uhuru mwaka 1947, enzi ya wafalme ilikwisha, na mwaka 1950 shule ya Mysore ikafungwa. Krishnamacharya, mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini na watoto wa kulea, akawa hana kazi. Wengi wangekata tamaa. Yeye alihamia mji wa Madras, ambao tangu mwaka 1996 unaitwa Chennai, alikoitwa na mwanasheria mmoja mashuhuri aliyepooza kwa kiharusi.

Hapa ndipo maisha yake yalipogeuka, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mysore alifundisha vijana wa kuruka. Madras walimjia wazee, wajawazito, wenye pumu, wenye maumivu ya mgongo, na watu wasiopata usingizi. Mtu aliyepooza upande mmoja huwezi kumwambia asimame kwa kichwa! Basi mzee akaacha kutazama zoezi, akaanza kumtazama mtu. Alimwita kila mmoja peke yake. Alimshika mshipa wa mkono akasikiliza mapigo yake. Alimwuliza umri wake, kazi yake, chakula chake na usingizi wake. Kisha akampa mazoezi machache yaliyo yake mwenyewe. Asiyeweza kunyoosha goti alilikunja. Asiyeweza kusimama alifanya akiwa ameketi au amelala. Mkono uliinuliwa polepole pumzi ikivutwa, na ukashushwa pumzi ikitolewa. Mgonjwa akipata nafuu, mzee alibadili mazoezi, akaongeza kidogo kidogo, hatua kwa hatua.

Wasomaji wa hapa kwetu wataelewa upesi nikiwapa mfano wa fundi wa katambuga sokoni. Fundi mzuri hakati tairi kwa kipimo kimoja kisha akawalaumu watu kwamba miguu yao ni mibaya. Huuweka mguu wa mteja juu ya mpira, akauchora, ndipo akakata. Krishnamacharya naye aliukata ujuzi wake kwa mguu wa kila mtu. Wahenga walikwisha sema, kila mtoto na koja lake.

Hata katika dini alifuata njia hiyo. Yeye alikuwa Mhindu mshika dini sana, lakini hakumlazimisha mwanafunzi kufuata imani yake. Aliyemwamini Mungu alimwambia amwelekeze Mungu wake fikira zake. Asiyeweza hivyo alimwambia alifikiri jua, au awafikiri wazazi wake.

Mwanawe, T. K. V. Desikachar, alisomea uinjinia wala hakuwa na haja na kazi ya baba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amekaa mbele ya nyumba yao, mara motokaa ikasimama, akashuka mwanamke wa Kizungu, akamkumbatia yule mzee mbele ya watu. Kijana alistaajabu, maana desturi za kwao hazikuruhusu jambo kama hilo. Alipouliza, aliambiwa kwamba mwanamke yule usiku uliopita amelala usingizi bila ya dawa, na miaka mingi ilikuwa imepita asiweze. Desikachar aliwaza sana. Mzee asiyejua Kiingereza vizuri amewezaje kumponya mgeni yule? Akaiacha kazi ya uinjinia, akawa mwanafunzi wa baba yake. Mwaka 1976 alianzisha chuo mjini Madras kwa jina la baba yake, na mgonjwa anayekwenda huko hupokewa peke yake, kama alivyofanya mzee.

Mtihani wa mwisho ulimpata mzee mwenyewe. Alipokuwa na umri wa miaka 96 alianguka akavunjika mfupa wa nyonga. Hakukubali kupasuliwa. Alijitungia mazoezi ya kufanya akiwa kitandani, akajipimia kwa hali yake, kama alivyokuwa akiwapimia wagonjwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alifariki dunia tarehe 28 Februari, 1989.

Baada ya kufa kwake sifa ya yoga imezidi kukua. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani. Iyengar naye, yule kijana aliyechanika misuli, alikuwa mwalimu mkubwa mpaka alipofariki mwaka 2014. Aliwatengenezea wasiojiweza mikanda, kamba na matofali ya mbao ya kuegemea, ili wasiumie kama alivyoumia yeye. Utafiti wa madaktari umeonyesha kwamba yoga huwapunguzia kiasi maumivu watu wenye ugonjwa wa mgongo wa siku nyingi. Lakini tusidanganyane: yoga haiui vijidudu vya malaria, na aliyevunjika mfupa na apelekwe hospitali. Uamuzi wa mzee juu ya nyonga yake ulikuwa wake, wala si agizo kwetu.

Basi sisi tujifunze nini? Bibi aliyelima ulezi na kubeba maji kichwani miaka hamsini hana mgongo sawa na dereva anayeketi kutwa nzima akiwapeleka watalii mbugani, na dereva hana miguu sawa na askari wa wanyama anayetembea porini. Hata katika mstari wetu wa mchakamchaka, yuko mwenzetu mwenye pumu, na yuko aliyewahi kuvunjika mguu. Tukimwona amebaki nyuma tusimcheke na kumwita mvivu. Huenda anajitahidi kuliko sisi tulio mbele. Afadhali tumwulize anaweza nini, tuanzie hapo.

Krishnamacharya alihitaji zaidi ya miaka sitini, na maumivu ya mwanafunzi wake, ili alijue jambo hilo. Sisi tumepewa bure kwa kusoma habari zake. Tusilipoteze.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne