Ahmad bin Majid, rubani aliyeichora bahari kwa beti

Mtu wa pwani ashukapo Nairobi akataka kwenda mitaa ya Eastlands hana haja ya karatasi. Na asimame kituoni atege sikio: makanga watamwitia Umoja, Kayole, Dandora, Huruma. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa ramani ya matatu, ramani ya sauti. Mwaka 2014 ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vya Marekani, kilipoitoa kwa michoro, baada ya watu kuyapanda magari hayo na simu zao zikinakili kila kituo.

Wasomaji wetu wasidhani jambo hilo ni geni. Alikuwako bingwa aliyeiweka bahari yetu nzima katika sauti, naye ni Ahmad bin Majid.

Alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, katika nchi ya Ras al-Khaimah ya leo. Baba yake na babu yake walikuwa marubani, na baba alikwishatunga shairi la njia za Bahari ya Sham. Mtoto akawapita wote wawili. Mwaka 1462 alitunga Hawiya, yenye beti zaidi ya 1,000, na mwaka 1490 akakamilisha kitabu chake kikubwa cha nathari, Al-Fawaid. Pwani yetu aliitungia Sufaliya, inayoeleza njia za kusini hadi Sofala.

Kwa nini beti? Chomboni usiku ni giza, upepo unavuma na maji yanaruka. Karatasi hulowa, lakini ubeti ulio kichwani haulowi. Alitumia bahari ya rajaz, ambayo vipande viwili vya kila ubeti hushikana kwa kina, na neno likipotea kina hulirudisha. Humo alitia majira ya kusafiri, mielekeo ya dira yenye sehemu 32 zilizopewa majina ya nyota, na kimo cha nyota kwa kila bandari, kikipimwa kwa vidole. Nyota ya Kaskazini ikionekana chini kuliko ubeti usemavyo, nahodha hujua kuwa bandari ameipita kwa kusini. Akija huku kwetu nyota hiyo huzama, basi hupima kwa Farkadani na Naashi.

Pamoja na elimu hiyo yote, jina lake lilitiwa doa. Mwanahistoria mmoja wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliandika katika karne ya 16 kwamba Bin Majid alileweshwa akawaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi. Habari hiyo imerudiwa hadi vitabuni mwa shule. Lakini wanahistoria wa Kireno wenyewe walieleza kuwa rubani aliyemchukua Vasco da Gama kutoka Malindi, Aprili 1498, alikuwa mtu wa Gujarat. G. R. Tibbetts, aliyekitafsiri Al-Fawaid kwa Kiingereza mwaka 1971, naye hakuikubali hadithi hiyo.

Si haki basi mtu aliyewafikisha mabaharia salama kwa karne nyingi akumbukwe kwa safari ambayo hakuna ushahidi thabiti kuwa aliifanya. Sufaliya ilihifadhiwa Leningrad, ikachapishwa mwaka 1957. Atakaye kumjua Bin Majid na aanzie hapo. Mwenyezi Mungu amrehemu.