Daktari Burkitt na Ugonjwa wa Kidole Tumbo

Marehemu Denis Burkitt, mpasuaji ambaye jina lake lilipewa saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, alikuwa na jicho moja tu. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, na jicho la pili alilipoteza utotoni. Hata hivyo jeshi la Uingereza lilimpokea mwaka 1941 kuwa tabibu wake, na mwaka 1946 akaja Uganda, akaanzia kazi Lira.

Oktoba 1961 alifunga safari ya wiki 10 na maili 10,000 hadi kusini mwa Afrika, katika gari kuukuu, akiwatafuta wagonjwa wa saratani ile. Mmoja wa wenzake wawili alikuwa Daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, ambaye alijua pia kutengeneza magari.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, Burkitt alizidi kuzihoji hospitali za vijijini kwa barua. Majibu yalimshangaza: ugonjwa wa kidole tumbo, uliojaa Uingereza, ulikuwa adimu huku. Akachapisha hoja yake mwaka 1971. Chakula kilichokobolewa, alisema, hufanya choo kuwa kigumu. Kipande kigumu huziba kidole tumbo, nacho huvimba na kuoza.

Wataalamu hawajakubaliana naye wote. Nasi twaona kwamba hoja hiyo, ikishikwa vibaya, yaweza kuua. Adimu si kutokuwapo. Kijana wa Koboko aliyelelewa kwa muhogo na mtama aweza kuamka kambini na maumivu kitovuni, asitamani chakula, akatapika. Baada ya saa kadhaa maumivu yakahamia chini upande wa kulia, na homa ikaanza. Mwenzake atadhani ni minyoo, ampe dawa ya kuharisha. Dawa hiyo yaweza kukipasua kidole, na usaha ukaenea tumboni. Maumivu yakipoa ghafla, tusishangilie: huenda kimekwisha pasuka. Mgonjwa asile wala asinywe, apelekwe hospitali upesi. Huko daktari atambonyeza tumbo na kupima damu. Askari wa kike atapimwa na mimba, maana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma vivyo hivyo. Kisha atapewa dawa za kuua vijidudu, na mara nyingi kidole hukatwa.

Burkitt alifariki Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.