Grand Kallé, aliyewaweka mahasimu ndani ya wimbo mmoja

Joseph Kabasele Tshamala, aliyejulikana kama Grand Kallé, aliimba sana mapenzi. Lakini kila tarehe 30 Juni redio za Congo humkumbuka hasa kwa Indépendance Cha Cha, wimbo uliotungwa kwa ajili ya sherehe za siku chache mjini Bruxelles.

Alizaliwa Matadi tarehe 16 Disemba 1930, akakulia Léopoldville, Kinshasa ya leo. Sauti yake ilikomaa katika kwaya ya kanisa. Mwaka 1953 aliunda African Jazz, kundi lililong'aa kwa gitaa la Nico Kasanda na la kaka yake Déchaud.

Januari 1960 wanasiasa wa Congo walikwenda Ubelgiji kwa mkutano wa Table Ronde, yaani Meza ya Mviringo. Thomas Kanza aliona kwamba wajumbe hawawezi kusherehekea kwa muziki wa wageni, akawaita wanamuziki wa nyumbani. Kabasele hakwenda na watu wake peke yao: kutoka OK Jazz, kundi pinzani, walikuwemo Vicky Longomba na Brazzos. Franco alibaki Léopoldville.

Wakati huo Patrice Lumumba alikuwa gerezani Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wajumbe walidai aachiliwe, naye akawafikia Bruxelles. Tarehe 27 Januari siku ya uhuru ikakubaliwa: 30 Juni.

Wimbo ukachezwa katika hoteli ya Plaza. Unaimbwa kwa Lingala, kwa mdundo wa kuchezea dansi uliotoka Kuba, na sehemu yake kubwa ni orodha tu ya majina. Abako imo, Conakat imo, MNC imo. Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji na Tshombe wanatajwa wakifuatana, kama watu wa meza moja. Usiku ule ilikuwa kweli: vyama vilivyokuwa vikigombana nyumbani vilikuwa vimeungana mbele ya Wabelgiji. Kwa wimbo wa karamu, ilikuwa kazi nzito ya siasa, maana jina moja lingesahaulika, mwenyewe angeondoka amenuna.

Mwaka haukutimia. Julai Tshombe alitangaza Katanga imejitenga. Agosti Kalonji akafanya vivyo hivyo Kasai ya Kusini. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Wimbo uliendelea kupigwa na majina yote yakiwa mahali pake, hata katika nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zikidai uhuru.

African Jazz nayo ilipasuka. Mwaka 1963 Nico na kijana Tabu Ley Rochereau waliondoka, wakaunda African Fiesta. Kabasele aliendelea kuimba, baadaye Paris na African Team, pamoja na Manu Dibango.

Alifariki tarehe 11 Februari 1983, akiwa na miaka 52. Kati ya wale watano, Lumumba, Kasavubu, Tshombe na Bolikango walikuwa wamekwisha kumtangulia. Kalonji aliishi hadi 2015.