Gene Roddenberry, Mmarekani aliyepeleka neno la Kiswahili angani

Neno uhuru halihitaji kufafanuliwa Fizi wala Baraka. Mwaka wa 1966 liliingia kwenye televisheni ya Marekani likiwa limegeuzwa kidogo: Uhura, jina la afisa wa mawasiliano katika chombo cha angani kiitwacho Enterprise. Aliyebuni safari za chombo hicho ni Gene Roddenberry, mwanzilishi wa filamu ya mfululizo Star Trek.

Roddenberry alizaliwa tarehe 19 Agosti 1921 mjini El Paso, Texas, akakulia Los Angeles, ambako baba yake alikuwa polisi. Katika Vita vya Pili vya Dunia aliendesha ndege za mabomu huko Pasifiki, kisha akawa rubani wa kampuni ya Pan Am. Mwaka wa 1947 ndege aliyokuwamo ilianguka katika jangwa la Syria. Alipona, akasaidia kuwatoa abiria. Mwaka wa 1949 naye akaingia polisi, akaacha kazi hiyo mwaka wa 1956 ili aishi kwa kuandika.

Star Trek ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966. Wakati Wamarekani weusi wangali wakipigania haki zao, Roddenberry alimweka mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, miongoni mwa maofisa wa chombo. Nichols alisimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa na kitabu chenye jina Uhuru mkononi, na jina la Uhura likatoka hapo.

Sehemu moja inawagusa zaidi wasemaji wa Kiswahili. Inaitwa The Changeling, na ilionyeshwa tarehe 29 Septemba 1967. Ndani yake, mashine inayoangamiza kila kitu chenye kasoro inafuta kumbukumbu zote za Uhura. Anapofundishwa kusoma upya kwa Kiingereza, anakwama, na ulimi wake unarudi kwenye Kiswahili. Muuguzi anayemfundisha anamkatiza na kumrudisha kwenye Kiingereza.

Hadithi hiyo ina tundu kubwa. Mtu aliyepoteza maisha yake yote anafundishwa haraka mno, na daktari anatangaza kuwa baada ya wiki moja atarudi kazini. Hakuna anayeuliza kama anamkumbuka mama yake. Hata hivyo sehemu hiyo inatazamika kwa raha, kwa sababu tukio lile fupi lina ukweli: kila kitu kilipofutika, Kiswahili kilibaki.

Watu wa Fizi wanalijua jambo hilo. Vita vya 1996 viliwavusha maelfu Ziwa Tanganyika hadi kambi za Kigoma, zikiwemo Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia mwaka wa 2005 wengi walirudi kwa meli hadi Baraka, wengine wakapelekwa Marekani. Waliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi, lakini Kibembe na Kiswahili walienda navyo. Huko Marekani watoto wao sasa hufundishwa kusoma kwa Kiingereza, kama Uhura.

Star Trek ya kwanza ilisimamishwa mwaka wa 1969 baada ya sehemu 79, kisha ikarudi kwa filamu za sinema na mfululizo mpya. Roddenberry alifariki tarehe 24 Oktoba 1991, akiwa na umri wa miaka 70. Mwaka uliofuata, sehemu ya majivu yake ilipelekwa angani kwa chombo Columbia.